Kikombe cha Langoni

Nina fundo.

Lilete tulifungue.

Halifunguki.

Lilete hivyo hivyo.

Basi kwanza huu mtungi uzunguke. Chukueni kata, kila mmoja anywe funda moja, kisha ampe wa pembeni yake. Hadithi ya leo ni kavu na ina chumvi, na sitaki mtu anikatishe katikati kwa sababu ya kiu. Mkubwa anywe, mtoto anywe. Msinitazame hivyo, ni maji tu.

Mji wenyewe siutaji, maana wenyewe wapo na hawapendi kutajwa. Anayetaka jina atie la kwao. Katika mji huo walikuwapo watu watatu waliojaliwa.

Wa kwanza ni Lukindo, mlinzi wa mnara. Yeye alijaliwa jicho. Wenzake wakiona vumbi, yeye amekwisha kuona punda. Wakija kumwona punda, yeye amekwisha kujua anachechemea mguu upi. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba mume huyo huona mbuzi wa watu bondeni na haoni chungu kikiungua jikoni, lakini hayo ni mambo yao.

Wa pili ni Nyamizi, mama wa kikombe, mwenye kuwapokea wageni langoni kwa maji. Huyu alijaliwa kusoma mikono. Akikupa kitu ukakipokea, namna vidole vyako vilivyokishika ilimwambia kama umelala njaa, kama umetoka kugombana, kama una jambo unalificha. Wanaume wengi wa mji hawakupenda kupokea kahawa kwake.

Wa tatu ni Mhina, naye alijaliwa ndimi. Hapakuwa na lugha iliyopita katika barabara ile ambayo Mhina hakuielewa. Wafugaji, wachuuzi, watu wa milimani, wote walipata mtu wa kuzungumza naye. Aliishi na mama yake mzee asiyeona, na jioni humsimulia yaliyosemwa langoni, kila mtu kwa sauti yake, mpaka bibi huyo anacheka.

Mji ulikuwa na ukuta, na ukuta ulikuwa na lango moja. Desturi ya lango ilikuwa ya zamani kuliko ukuta: mgeni akifika, kabla hajaulizwa jina wala shida, hupewa kikombe cha maji. Mwenye kukitoa husema, "Mgeni njoo," na walio karibu huitikia, "mwenyeji apone." Basi, hapo ni mgeni wa wote, na atakayemgusa amewagusa wote.

Sasa, kulikuwa na watu wa aina mbili katika nchi ile. Watu wa mji walikuwa Watu wa Ubani: huwakumbuka wafu wao kwa moshi. Wengine, walioishi mjini kidogo na nje kwa wingi, waliitwa Watu wa Tone: wakipewa cha kunywa, humwaga tone la kwanza chini kwa ajili ya wafu wao, kisha hunywa. Wengine moshi, wengine maji. Wafu wenyewe hatujasikia wakilalamika.

Mwaka mmoja wakaja wanaume wanne, wachuuzi wa ngozi kwa maneno yao. Wakapewa kikombe, wakamwaga tone, wakanywa, wakaitikiwa. Kisha wakalichoma ghala la mtama, na walinzi waliolala humo hawakutoka. Nayasema haya wazi kwa sababu wako wasimulizi wanaoyaruka ili hadithi iwe nyepesi. Watu waliungua, na harufu ilikaa mjini hata mvua zilipokuja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi siwezi kumcheka mtu aliyemzika nduguye kwa kushtuka kwake.

Baraza likakaa. Mkuu wa mji, Jumbe Semboja, akatoa shauri: tangu leo Mtu wa Tone asiingie, na waliomo watoke. Watu wakaunga mkono. Akasimama mwanamke mmoja, Mkunde, mjane wa mlinzi wa ghala, bado amevaa nguo za eda.

"Jumbe, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mume wangu alikuwa mle. Waliomchoma walikuwa wanne, na wote wanne mmewakamata. Sasa mnawatoa watu wengine kabisa. Yule mama anayenisaidia kutwanga ni wa Tone. Yeye ndiye aliyenishika nisijitupe motoni. Amekosa nini?"

"Hajakosa," Jumbe akasema. "Nami simchukii mtu kwa dua yake. Lakini niambie, Mkunde, akija wa tano nitamjuaje? Ubaya hauandikwi kwenye paji la uso. Ninachoweza kukiona ni lile tone tu. Wewe unacho kingine cha kunionyesha?"

Mkunde akatafuta, asikipate. Akakaa chini.

Hapa huwa natulia kidogo. Jumbe aliuliza swali la haki. Ila swali la haki nalo huweza kuzaa jibu la dhuluma, kama mama mwema azaavyo mwana mwizi.

Sheria ikapita kwa jina la waliofia ghalani. Hawakuhangaika kubuni mtego, maana mtego walikuwa nao tayari: ule ukarimu wao. Mgeni akifika atapewa kikombe kama zamani. Akinywa, aingie. Akimwaga, arudi alikotoka, wala asipewe kikombe cha pili. Maneno yake yasibebwe kuingizwa ndani, na atakayeyabeba atoke pamoja naye, yeye na jamaa zake. Na mtu atakayeuepusha mji na hatari atapata zawadi: nyumba yake itateka maji kisimani kwanza kila alfajiri, kabla ya mtu mwingine yeyote. Msiidharau zawadi hiyo. Kisima kilikuwa kimoja, na wanawake walikuwa wakizeekea kwenye foleni yake.

Watu wa Tone wakafunga mizigo wakatoka. Miongoni mwao ulikuwamo ukoo mmoja ambao tangu babu na babu kazi yake ilikuwa kusafisha chemchemi. Chemchemi yenyewe ilikuwa nje, mwendo wa nusu siku, na maji yake yalishuka kwa mfereji wa mawe mpaka kisimani. Ukoo ule ulipoondoka hakuna aliyeuliza nani atasafisha sasa. Watu walikuwa na furaha ya kulala bila hofu, na mtu mwenye furaha hiyo haulizi habari za mifereji.

Kilipokuja kiangazi, watoto wakaanza kuharisha. Macho yakawaingia ndani, midomo ikawakauka, na kadiri walivyonyweshwa maji ndivyo walivyozidi. Wakazikwa wa kwanza, wakafuata wengine. Waganga wakachoma kila kilichochomeka. Mwishowe mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda ni maji. Lakini maji yalikuwa meupe, na harufu yake ilikuja polepole hata pua za wenyeji zikaizoea. Tena, kisima ni kimoja. Mtu angekunywa nini?

Jumbe akamtuma kijana wa mji, Mbelwa, aende milimani kwa watu wanaojua maji. "Mlete mjuzi wao," akamwambia. "Mwambie watoto wanakwisha." Mbelwa akaenda, na mji ukaanza kumngoja mzee mwenye ndevu juu ya punda, maana mjuzi machoni pao alikuwa na sura hiyo. Jumbe aliweka hata mkeka mpya.

Sasa fungueni masikio.

Siku moja asubuhi Lukindo, juu ya mnara, aliona mtu barabarani. Alikuwa mwanamke, kijana, peke yake, ana kibuyu kiunoni na fimbo ndefu mkononi. Lukindo alimwona akifika kwenye chemchemi, akiinama, akichota maji kwa kiganja, akiyanusa, akiyatupa. Aliwaona na tumbusi, wale ndege wa mizoga, waliokaa juu ya mawe ya pale. Alikuwa akiwaona siku nyingi. Kisha akamwona yule mwanamke akigeuka na kuanza kukimbia kuelekea mjini, kwa nguvu zake zote, katika jua lile. Lukindo alikuwa amewekwa mnarani kuangalia watu, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za ndege. Akainama akawapigia kelele walioko langoni: "Mmoja. Ana fimbo ndefu. Anakuja mbio." Kila neno lilikuwa kweli.

Langoni watu wakakusanyika na marungu. Nyamizi akajaza kikombe. Yale maneno ya zamani alikuwa hayasemi tena, alikuwa anatoa tu. Yule msichana alifika ulimi umemkauka na kibuyu kinaning'inia kitupu. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka puani, kisha akakigeuza chini juu. Maji yote yakaanguka mchangani. Nyamizi aliona. Aliona kwamba Watu wa Tone hawanusi. Kwamba humwaga tone moja, kichwa wameinamisha, na kilichobaki hukinywa, hasa mwenye kiu kama ile. Aliisoma na mikono ile: ilikuwa mikono ya mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Lakini sheria haikuuliza mtu amemwaga vipi. "Vipi, mama?" watu wakamuuliza. Nyamizi akajibu, "Amemwaga." Neno lake nalo lilikuwa kweli.

Mhina akasogea mbele, akamwambia yule msichana kwa lugha ya milimani, "Rudi ulikotoka." Msichana akamshika mkono. Akasema, "Kaka, maji yenu yameoza. Kuna mzoga kwenye chemchemi. Msiwape watoto, nakuomba." Mhina alielewa kila neno. Akakumbuka kwamba atakayebeba maneno ya aliyemwaga atatoka, na jamaa zake. Akamwona mama yake asiyeona akipapasa barabarani. Akakumbuka pia kwamba katika baraza mtu mmoja alisema Watu wa Tone watawatisha kwa habari za maji ili warudi kwenye chemchemi yao. Nusu ya moyo wake iliamini hivyo, na nusu ilitaka kuamini. "Anasema nini?" watu wakauliza. "Ananisihi," Mhina akasema. Hilo nalo ni kweli, au siyo?

Lango likafungwa. Msichana aligonga kwa fimbo yake kwa muda, kisha akaacha.

Mji ukashangilia, na kabla jua halijashuka, wale watatu walikuwa mbele ya Jumbe wakigombea zawadi.

"Ni yangu," Lukindo akasema. "Nisingemwona mimi, angewakuta lango wazi na watu wamelala usingizi wa mchana. Kila kitu kilianza na jicho langu."

"Kumwona siyo kumjua," Nyamizi akasema. "Punda nao wanaona. Mimi ndiye niliyempa kikombe, mimi ndiye niliyesema amemwaga. Bila neno langu angekuwa ndani."

"Mngemwacha nje ya lango apige kelele mpaka watu wamwonee huruma," Mhina akasema. "Nani aliyemwondoa? Nani aliyemsikia akilia na hakulainika? Huko kuziba masikio, jamani, ni kazi."

Jumbe akacheka, maana alikuwa hajacheka siku nyingi. "Wanangu, hapa nashindwa. Mpaka nitakapoamua, tekeni nyote watatu kwanza."

Wakateka. Alfajiri iliyofuata Nyamizi alikuwa wa kwanza kisimani, akajaza mtungi, akauchukua mbio nyumbani, kwa sababu mwanawe Shija alikuwa mgonjwa naye alitaka apate maji kabla hayajatibuliwa. Akamshikia kikombe mwenyewe. Mtoto akakizungushia vidole vyake, na Nyamizi, aliyesoma mikono ya watu wote wa mji, akasoma mikono ile na hakutaka kuamini ilichomwambia. Alimnywesha vivyo hivyo. Kila alfajiri alimnywesha, maji ya kwanza, maji ya heshima.

Siku ya maziko ya Shija, watu wakiwa bado na udongo mikononi, Mbelwa akaonekana langoni. Alikuwa akijikokota kwa mguu mmoja, mwingine umefungwa vijiti. Kikombe hakukingoja, maana ni wa mji.

"Poleni," akasema. "Amefika?"

"Nani?" Jumbe akauliza.

"Wande. Binti wa wapima maji. Baba yake ni mzee, hawezi safari, lakini wote kule wanasema binti amemshinda baba. Mimi nilianguka kwenye majabali nikavunjika mguu. Akataka kunibeba. Nikamwambia niache, watoto wanakufa, tangulia. Nimekaa huko mpaka wachungaji wakanipitia. Ana fimbo ndefu ya kupimia visima. Amefika?"

Lukindo alitazama chini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akitazama karibu.

Jumbe akajikohoza. "Huyo binti," akasema, "alikuwa wa Tone?"

Mbelwa akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Sikumuuliza, Jumbe. Nilimuuliza kama anajua maji."

Wakatoka wote, wanaume kwa wanawake, wakaenda chemchemini. Walimkuta. Nyumbu alikuwa ametumbukia kwenye birika la juu akafia mle, ameoza. Wande alikuwa ameivua shuka yake, ameifunga kwenye pembe za mnyama, amevuta. Alikuwa amemtoa nusu. Kisha jua na kiu vikamaliza kazi yao, kwa sababu kibuyu kilikuwa kitupu na maji aliyokaa kando yake ndiyo yale asiyoweza kuyanywa. Paji lake la uso lilikuwa juu ya jiwe, na shuka bado imezungushwa mkononi.

Waliimalizia ile nusu nyingine wenyewe. Mfereji ukasafishwa, maji yakapita mpaka yakawa maji. Watoto waliobaki wakaacha kuharisha, wakaanza kuomba uji. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona. Msemo haukusema uongo.

Na hapa nina neno langu, mnisamehe, ni chungu. Mji ule ulilia sana. Wakajigaragaza, wakamsifu Wande kwa kila jina jema. Mimi najiuliza: angekuwa msichana tu, hajui maji wala nini, amekuja kumtafuta shangazi yake, akamwaga tone moja kwa ajili ya marehemu mama yake kisha akarudishwa jangwani akafa, nani angelia? Wako waliorudishwa kabla yake. Hadithi zao sizijui, na hata ninyi hamkuniuliza.

Tuendelee. Ndugu zake watatu walishuka kutoka milimani kuchukua mwili, uliokuwa umelazwa nje ukutani. Walisimama nje ya lango. Nyamizi aliwatolea kikombe, na hawakukipokea.

Kaka mkubwa akasema, na Mhina ikabidi atafsiri, maana hapakuwa na mwingine; Mbelwa alijua maneno machache tu ya kule. Safari hii aliyabeba maneno yote, hata yaliyomhusu mwenyewe.

"Hatukuja na mikuki," kaka akasema. "Ng'ombe wenu hatuwataki. Kwetu, mtu akisababisha kifo, hulazimika kwenda kukaa mahali pa marehemu. Humchotea maji mama wa marehemu, humpasulia kuni, humzika siku yake ikifika. Harudi tena kwao. Mama yetu yuko peke yake kitandani. Tunamtaka mtu mmoja: yule aliyemfukuza dada yetu. Mpaka tutakapompata, tutakaa hapa."

"Mmoja?" Jumbe akauliza.

Mhina akauliza. Kaka akajibu, na Mhina akalitoa jibu: "Anasema, mmoja tu. Anasema, wao hawakamati watu wote kwa kosa la mmoja."

Baraza likakaa tena, lango likiwa wazi, na ndugu wale wakisikia. Wale watatu wakaitwa mbele, na maneno mliyoyasikia yakageuka kama nguo inavyogeuzwa.

"Mimi nilimwona tu," Lukindo akasema. "Kumwona siyo kumjua, alisema Nyamizi mwenyewe. Sikumgusa, sikusema ni wa Tone. Nilisema anakuja mbio, na alikuwa anakuja mbio."

"Uliwaona tumbusi," Mbelwa akasema kutoka pembeni.

"Niliwaona. Nani aliniweka pale nihesabu tumbusi?"

Nyamizi alikuwa amekaa chini, hakusimama. "Kila kitu kilianza na jicho lake, alisema hivyo siku ile," akasema. "Watu walikuja na marungu kwa sauti yake. Mimi niliulizwa amemwaga au hakumwaga. Nilijua kuna jambo. Mikono yake iliniambia. Lakini hakuna aliyeniuliza mikono imesema nini." Kisha akasema, "Mimi nimekwisha kulipa. Nendeni makaburini mkaone. Mnataka nilipe mara ngapi?"

Watu wakainamisha vichwa. Lakini mdogo wa wale ndugu, alipotafsiriwa, akasema neno moja, na Mhina akalileta: "Pole. Lakini huyo hukututolea sisi."

Zamu ya Mhina ikafika. "Mimi nilisikia," akasema. "Sitawadanganya, nilisikia yote. Alipofika kwangu walikuwa wamekwisha kumhukumu. Neno 'amemwaga' lilikuwa limetoka. Ningesema, ningetoka mimi na mama yangu. Ninyi mliitunga hiyo sheria, mkaipigia makofi, mkaiweka mdomoni mwangu kama kufuli. Sasa mnashangaa kwa nini mdomo haukufunguka? Tena nikitoka leo, nani atakaa na mama yangu? Mtampeleka bibi kipofu akamhudumie bibi wa kitandani?"

Macho yakaanza kumgeukia Jumbe. Mzee akashika fimbo yake kwa nguvu. "Mimi nilikuwa nyumbani kwangu nimetandika mkeka," akasema. "Nilitunga sheria dhidi ya wachoma maghala. Sikutunga sheria dhidi ya mpima maji. Na tangu ipite, nani kati yenu ameungua? Semeni. Nani?"

Na ni kweli, hakuna aliyeungua. Makaburi mapya yote yalikuwa mafupi.

Ndipo Mkunde, yule mjane, akasimama mara ya pili. Hakumwamkia Jumbe.

"Sheria hii mliipitisha kwa jina la mume wangu," akasema. "Kila mlipomrudisha mtu mlisema ni kwa ajili yake. Hamkumuuliza, na mimi nilipojibu kwa niaba yake mkanishinda kwa swali. Sasa swali lako nimelipatia jibu, Jumbe. Limechelewa, lakini nimelipata. Uliuliza, wa tano utamjuaje. Ungemuuliza amekuja kufanya nini, kisha ungesikiliza. Nipeni jina la mume wangu. Msilitumie tena."

Akatoka, akapita langoni, akaenda akakaa chini karibu na mwili wa Wande. Watu walimwita, hakugeuka. Wako wanaosema Mkunde ndiye aliyekwenda milimani mwishowe, akamchotea mama yule maji, yeye asiyekosa. Mimi sikubali kuimaliza hadithi hivyo. Ni rahisi mno kwa wale wengine.

Basi hadithi yangu imefika hapo. Ndugu wa Wande wangali wamesimama nje, hawana haraka. Wanamtaka mmoja. Lukindo aliona na akasema nusu. Nyamizi alijua na akasema neno moja, na ana kaburi la mwanawe. Mhina alisikia na hakusema, na ana mama. Jumbe hakuwapo langoni. Na watu wa mji, waliopiga makofi barazani na kushika marungu langoni, hakuna hata aliyewataja, kwa kuwa ni wengi.

Nataka jibu lenu. Lakini kabla hamjajibu, kuna jambo dogo. Mtungi ulipozunguka hapa mwanzoni, nilikuwa nawatazama. Mmoja wenu hakunywa. Aliipokea kata, akaiinamisha kidogo, maji yakaenda chini, akampa wa pembeni yake. Huenda hakuwa na kiu. Huenda mkono ulimteleza. Huenda ana wafu wake. Sikumuuliza.

Naona mmeanza kugeuza shingo. Tangu nianze kusimulia mmekaa mabega yanagusana, na sasa kila mtu anautazama mchanga ulio miguuni pa mwenzake kama umelowa.

Haya. Ndugu wako nje, na lango liko wazi. Ni nani atoke, Lukindo, Nyamizi, Mhina au Jumbe? Na wewe unayemtafuta aliyemwaga, ukimpata, ulitaka kumfanya nini?